Mwongozo kamili: namna ya kutambua nyama ya pori ku foto ao video bila kudanganyika

Mu magrupe ya WhatsApp ya hapa Goma video za banyama ya pori hazikosekane, na makosa ni ile ile. Mutu anatuma duma anaandika "chui", mwengine anatuma tigre anaandika "imeonekana Walikale leo asubui", na kisha saa moja video imeshafika Sake, imevuka Bukavu, iko kwa shangazi kule Lubumbashi na yeye anapiga simu kuuliza kama batoto bangali banaenda masomo. Nimejibu swali ya "hii ni nyama gani, na ni ya wapi?" mu magrupe mingi hadi nikaona heri niandike yote fasi moja.

Shida haiko kwamba batu habajui banyama. Shida ni kwamba banaanza na jina. Banaona rangi, banasoma maneno yenye iliandikwa chini, jina inakaa mu kichwa, na pale macho inaacha kutafuta. Hapa tutafanya kinyume: jina njo inakuja mwisho.

## Bintu yenye unapashwa kuwa nayo

- Telefone yenye inakuza foto. Haipashwe kuwa ya bei kali. Ila kama ekran imepasuka, tumia ya mwengine, juu mustari ya kioo inaweza kukudanganya ni mustari ya uso ya nyama (usicheke, inatokeaka).
- Video ao foto yenyewe, haiko kapture ya kapture. Kila mara inatumwa inapungua ubora, na bya kwanza kupotea ni madoa madogo na ndevu, njo bile bile tunatafuta. Omba mwenye alikutumia atume kama fishie.
- Mega kidogo, za kutafuta foto ku intaneti mu hatua ya 7.
- Karne (kitabu kidogo cha kuandikia) na biro. Usiweke mu kichwa, kichwa inabadilisha alama ili zifanane na jina yenye unapenda.
- Ramani ya dunia. Hata ile ya mu kitabu cha jeografi ya mutoto wa primere inatosha.

## Hatua 1: Zima sauti, funika maneno

Zima sauti mbele ya yote. Sauti ya video za banyama mara mingi imepachikwa kisha: utasikia mungurumo ya simba juu ya duma, wakati duma hainguruma hata siku moja. Duma inatoa sauti nyembamba ya kindege, na ikitulia inakoroma vile paka ya nyumbani inakoromaka.

Kisha funika maneno na kidole, ao kata ile sehemu kabisa. Mutu mwenye aliandika pengine naye alitumiwa tu.

Simamisha video ufanye kapture tatu: moja ya ubavu mzima, moja ya uso, moja ya mukia na miguu. Usichague yenye inapendeza, chagua yenye haitetemeke.

Angalisho: usikuze sana. Ukipita kiasi, telefone inaanza kuchanganya rangi na utaona madoa yenye haiko.

Umefaulu kama: uko na kapture tatu na bado hauna jina. Kama jina imeshaingia mu kichwa, iandike nyuma ya karne na ufunike, tutaifungua mwisho.

## Hatua 2: Tafuta fasi mbele ya kutafuta nyama

Watu banairuka hii hatua kuliko zote, na ni hii inamalizaka nusu ya mabishano. Banyama ya pori haitembee dunia nzima, kila moja iko na kwayo.

Angalia nyuma ya nyama: miti, majani, bulongo, motokari na plake yayo, mavazi ya batu, luga yenye banasema (hapa unaweza kufungua sauti kidogo kisha uzime tena). Andika bile unaona, haiko bile unawaza.

Kisha fungua ramani na ulinganishe na haya:

Tigre ni ya Azia tu. Mu pori ya Afrika hakuna hata moja, haiko Walikale, haiko Masisi, haiko popote. Video ya tigre inavuka barabara ni ya India ao fasi ingine ya Azia, ao ni nyama ya kufugwa.

Simba iko Afrika, na iko pia fasi moja tu ya Azia, kule Gir, jimbo la Gujarat, India. Kwa hiyo ukiona simba inapita mu kijiji na batu banavaa sari, haiko foto ya kutengeneza, inaweza kuwa kweli.

Jaguar ni ya Amerika, toka Mexico kushuka hadi Argentina. Hii iweke akilini, tutarudi kwayo.

Dubu: hakuna mu pori ya Afrika. Maliza.

Penguin: batu banadhani ni ya barafu tu. Hapana, kuko yenye inaishi ku pwani ya Afrika ya Kusini na Namibia, ku mawe na mchanga wa kawaida, bila barafu. Usiite foto "uongo" juu tu penguin iko ku mchanga.

Pembe zenye matawi yenye inaangukaka na kuota upya kila mwaka: ile ni ya ukoo wa kulungu wa Ulaya, Azia na Amerika. Banyama yetu yenye pembe, yaani swala, mbogo na wenzao, ziko na pembe bila matawi na haziangukake. Ukiona pembe ya matawi juu ya kichwa, hautakuwa mu pori ya Kongo.

Kima yenye inaninginia kwa mukia mikono ikiwa wazi: ni ya Amerika ya Kusini ao ya Kati. Kima za Afrika ziko na mukia murefu ila wa kusawazisha mwili, hauwezi kushika tawi ukabeba kima nzima. Mara ngapi nimeona ile video na maneno "Kahuzi-Biega"! Hapana.

Na ndani ya Kongo yetu pia kuko mipaka. Bonobo na okapi, mu dunia nzima, mu pori ziko Kongo peke yake: okapi mu misitu ya Ituri na pembeni yayo, bonobo kusini ya mutoni Kongo. Twiga ya Kongo iko Garamba, kule Haut-Uele. Punda milia ya mwisho ya Kongo iko Upemba, upande wa Katanga, kwa hiyo ndugu zangu wa Lubumbashi banaweza kujivuna kidogo. Gorila ya milimani iko huku kwetu Virunga, na upande wa Rwanda na Uganda.

Angalisho: fasi ya kufugia banyama inavuruga hii hatua yote. Ukiona wavu, ukuta ya simenti, sinia ya chuma ya chakula, ao nyama iko na kola ya kawaida shingoni, andika "inafugwa" na usitumie tena ramani. Lakini angalia bien: kola nene yenye kisanduku kidogo ni ya watafiti, na ile nyama inaweza kuwa ya pori kabisa.

Umefaulu kama: ku karne kuko jina ya bara moja, ao mbili kwa wingi, na sababu zake.

## Hatua 3: Umbo kwanza, rangi haina haraka

Rangi inadanganya sana. Vumbi inafanya tembo kuwa mwekundu, jua ya jioni inafanya kila kitu kuwa dhahabu, na bana-nyama bengi banazaliwa na rangi ingine kabisa. Mutoto wa simba anazaliwa na madoadoa ku mwili, batu banamuita chui. Mutoto wa duma iko na manyoya marefu ya majivu ku mugongo, batu hawajui hata wamuite nini.

Kwa hiyo punguza mwangaza wa ekran hadi ubaki na kivuli tu, na uulize: mugongo unaenda namna gani? Miguu ya mbele na ya nyuma ni sawa? Kichwa ni kikubwa ao kidogo juu ya ule mwili?

Fisi utaitambua hapa hapa, bila kuangalia doa hata moja: miguu ya mbele ni mirefu kuliko ya nyuma, mugongo unashuka toka mabega hadi mukia. Batu banachanganya fisi na imbwa ya pori, lakini imbwa ya pori mugongo wake ni sawa, miguu myembamba, masikio makubwa ya muviringo, na rangi yake ni viraka vya nyeusi, njano na nyeupe, mukia mara mingi unamalizika na nyeupe. (Na fisi haiko hata mu ukoo wa imbwa, iko karibu zaidi na paka na nguchiro. Ukitaka kumaliza mabishano ku meza, toa hiyo.)

Tembo nayo. Tembo ya Azia mugongo wake umeinuka katikati, kichwa iko na vilima viwili juu, masikio madogo. Ya Afrika mugongo unabonyea katikati na masikio ni makubwa yanafunika bega. Kama picha ni safi sana, angalia ncha ya mkonga: ya Afrika iko na vidole viwili vya kushika, ya Azia kimoja. Na kwetu Afrika kuko tembo mbili: ya savana, na ya musituni yenye ni ndogo, masikio ya muviringo, na pembe zimenyooka zinaelekea chini. Huku Virunga hata zenye kuchanganyika damu ziko, kwa hiyo ukishindwa kuamua kati ya hizo mbili, andika "tembo ya Afrika" uendelee.

Faru: usibishane kama ni nyeupe ao nyeusi, zote ni majivu. Angalia mudomo. Mudomo mpana wa kukata majani ya chini, na kichwa chenye kinainama karibu na bulongo, ni faru mweupe. Mudomo wa juu wenye ncha ya kukamata matawi ni faru mweusi. Pembe moja na ngozi yenye mikunjo mikubwa ni ya Azia.

Umefaulu kama: umeweza kusema ukoo, yaani "paka kubwa", "fisi", "tembo", bila kutaja rangi.

## Hatua 4: Madoa, hapa njo batu wote wanaangukia

Chukua wakati hapa. Chui, duma na jaguar: kama utajua hizi tatu tu, grupe nzima itakuwa inakuuliza.

Anza na uso. Duma iko na mustari mweusi mbili, toka kona ya ndani ya jicho hadi pembeni ya kinywa, zinashuka sawa machozi. Chui hana. Jaguar hana. Hiyo mustari ikionekana, umemaliza, ni duma. Isipoonekana juu foto ni ya nyuma, endelea.

Kisha doa moja. Doa moja tu, ile kubwa ya ubavuni, usiangalie zote mara moja. Ikuze.

- Ni tone nyeusi iliyojaa, ya muviringo, hakuna kitu ndani? Duma.
- Ni duara yenye imekatika katika, katikati iko na rangi ya kahawia kidogo, bila kitu ndani? Chui.
- Ni duara kubwa, na ndani yake kuko vidoa vidogo vyeusi? Jaguar.

Usichague doa ya miguu, ya kichwa ao ya tumbo. Kule chini, chui na jaguar nazo ziko na matone yenye kujaa na utadanganyika. Ubavu, tena katikati ya ubavu.

Kisha mwili. Duma ni mwembamba, kifua kinashuka, tumbo imeingia, kichwa kidogo, miguu mirefu, na kucha zake haziingie kabisa ndani, unaweza kuziona hata ikitembea. Ni nyama ya mbio na ya fasi wazi, haitafutwi mu musitu ya giza. Chui ni mfupi wa miguu, munene wa shingo, mukia murefu, na anapanda na nyama yake juu ya muti. Jaguar ni munene kuliko chui, kichwa kubwa, mataya mazito, mukia mufupi, na anapenda maji.

Ile maji njo inaleta kesi moja yenye inarudia rudia: video ya "chui imeua mamba". Nyama ya madoa inaingia mu mutoni, inatoka na kitu kama mamba mu kinywa. Mara mingi ile ni jaguar, imefilmiwa Pantanal, Brazil, na kile amebeba ni kaimani, ndugu mudogo wa mamba wa kule Amerika. Angalia doa ya ubavu, utaona vidoa ndani. Ziwa Edouard haina jaguar.

Chui nyeusi haiko nyama ingine. Ni chui ao jaguar wa kawaida mwenye kuzaliwa na rangi nyeusi nyingi. Ongeza mwangaza wa foto hadi juu, madoa inaonekana chini ya weusi, kisha tumia sheria ile ile. Imeshafotolewa hata Laikipia, Kenya, kwa hiyo usiseme haiko Afrika.

Mondo (paka ya pori ya madoa, serval) batu banaita "mutoto wa chui" ao "duma mudogo". Angalia masikio: makubwa kupita kiasi, yanakaribiana juu ya kichwa, na mukia mufupi. Duma na chui, hata zikiwa batoto, haziko na masikio ya vile.

Umefaulu kama: unaweza kuonyesha na kidole doa moja na kusema juu ya nini ni ya huyu na haiko ya yule.

## Hatua 5: Mukia ipo ao haipo

Kwa bale benye kufanana na sisi, swali ya kwanza ni mukia. Kuko mukia? Ni kima ao nyani. Hakuna mukia kabisa? Ni gorila, shimpanze ao bonobo kwa huku Afrika, ao orangutan na gibon kwa Azia. Sheria ni nyepesi na bado kila mara naona kima anaitwa shimpanze.

Nyani ya savana iko na mudomo murefu kama ya imbwa na mukia wenye unapanda kisha unakunjama, sawa umevunjika karibu na mwili.

Gorila ao shimpanze? Masikio. Shimpanze iko na masikio makubwa yenye kutoka inje. Gorila masikio yake ni madogo, yamelala ku kichwa, hauyaoni kwa haraka, lakini pua ni pana na matundu makubwa. Usitumie mugongo mweupe kama alama ya pekee: ni kweli dume ya gorila inapata mugongo wa fedha ikikomaa, kuanzia miaka 12 hivi, lakini hata shimpanze muzee anaotaka mvi ku mugongo na ku miguu, na kichwa inapata upara.

Shimpanze ao bonobo? Bonobo ni mwembamba, nywele za kichwa zimegawanyika katikati, midomo ya rangi ya waridi, uso mweusi tangu utoto. Mutoto wa shimpanze uso wake ni mweupe mweupe kwanza, unakuwa mweusi na miaka. Na rudi ku hatua ya 2: mutoni Kongo njo mupaka yao, bonobo kusini, shimpanze kaskazini na huku mashariki. Zote mbili haziogelee, kwa hiyo mu pori hautazikuta pamoja.

Gorila ya Virunga ao ya Kahuzi-Biega? Hii swali ni yetu sisi wa Kivu na tungepashwa kuijua kuliko wengine. Ya milimani iko na manyoya marefu sana, mazito, juu ya baridi ya volkano. Ya Kahuzi-Biega, yenye banaita gorila ya Grauer na yenye iko mashariki ya Kongo peke yake, manyoya ni mafupi, uso umerefuka kidogo, na mwili ni mukubwa zaidi, njo gorila kubwa kuliko zote. Foto ya mutoto peke yake usijaribu kuigawanya, sema tu "gorila ya mashariki".

Na ukitaka kujua ni gorila *gani*, jina yake kabisa, angalia pua. Mikunjo ya juu ya matundu ya pua haifanane kwa gorila mbili, ni sawa alama ya kidole ku karte ya elekta, na njo vile magardi wa parke na bapisteri (wenye kufuata nyayo za banyama) banazitambua moja moja. Kuza ile kapture ya uso, chora mikunjo ku karne. Mara ya kwanza utaona pua zote ni moja, endelea kuchora, macho inazoea.

Mukia ya paka kubwa pia inasaidia: simba peke yake njo iko na kishada cha nywele ku ncha. Kama foto imekata kichwa na imebakia nyuma tu, hiyo inatosha.

## Hatua 6: Kinywa na miguu, kwa wenye kubakia

Kwa mamba, subiri fasi kinywa imefungwa. Ukiona jino kubwa la chini, la ine, limetokea inje pembeni ya taya ya juu, na pua imechongoka, ni mamba. Pua ya muviringo mpana na meno ya chini hayaonekane, ni aligata, ya Marekani ao China. Pua nyembamba sana yenye imejaa meno, kama ni India ao Nepal, ni gavial.

Alama za miguu ku matope: banyama ya ukoo wa paka banatembea kucha zikiwa ndani, kwa hiyo kucha haiandikike. Imbwa na fisi zinaandika kucha. Duma njo paka yenye inaandika. Foto ya alama bila kitu cha kupimia pembeni (biro, kisanduku ya kiberiti) haina faida, usipoteze wakati.

Nyoka: ruka. Simaanishi haiwezekane, ila kutambua nyoka kwa foto mbaya na kumuambia mutu "haina sumu" inaweza kuua mutu. Mwenye kuumwa aende hospitali bila kungoja jibu ya grupe, na asipoteze wakati kufukuza nyoka ili aipige foto.

## Hatua 7: Hakikisha foto ni ya kweli, na ni ya lini

Sasa njo unatumia mega. Chukua kapture safi zaidi, iweke mu Google Lens, yenye inatafuta ku intaneti foto zenye kufanana. Usisome jina yenye inatoa kwanza, shuka chini utafute *foto ile ile* mu tarehe ya zamani. Video ya "jana usiku" yenye iko ku intaneti tangu miaka tano imejijibu yenyewe. Kama ni yako mwenyewe umepiga, programu ya iNaturalist inasaidia pia, juu kuko batu wenye kujua banaangalia na kurekebisha.

Usiamini jina ya mashine bila alama zako. Mashine nayo inachanganya chui na jaguar foto ikiwa mbaya.

Kisha swali ya sasa: imetengenezwa na kompyuta? Kwa banyama ya madoa na mistari kuko njia moja nzuri sana. Madoa ya chui na mistari ya punda milia haibadilike maisha yote, na kila nyama iko na yake. Fanya kapture mbili za ubavu ule ule, moja ya mwanzo na moja ya mwisho wa video, uchague madoa matatu yenye kukaribiana uyafuate. Yakibadilika umbo, ao mustari moja ikagawanyika mbili, ile nyama haijawahi kuzaliwa. Chunga tu usilinganishe ubavu wa kuume na wa kushoto, pande mbili za nyama moja hazifananake.

Angalia na miguu: inakanyaga ao inateleza juu ya bulongo? Majani inainama ikipita? Ndevu zinatoka ku mudomo ao zinaelea? Nyama ya kompyuta mara mingi iko na uso mzuri sana na miguu ya ovyo.

Umefaulu kama: uko na foto ya zamani yenye kuonyesha fasi ya kweli, ao umekosa na umeandika "haikupatikana". Zote mbili ni jibu.

## Hatua 8: Sasa toa jina, na ujibu grupe

Fungua nyuma ya karne, soma jina uliificha ku hatua ya 1. Linganisha. Jina inakubalika kama kuko alama mbili za mwili zenye kukubaliana *na* fasi haipingi. Alama moja haitoshe. Alama mbili na fasi inapinga, rudia hatua ya 2, pengine inafugwa.

Jibu iwe fupi, na iwe na alama ili mwengine naye ajifunze. Kwa ile video ya mamba, mimi ningeandika hivi:

"Ba yaya, hii haiko chui na haiko Ziwa Edouard. Ni jaguar: madoa ya ubavu iko na vidoa ndani, kichwa kubwa, mukia mufupi. Ni ya Amerika ya Kusini. Hakuna sababu ya kuzuia batoto."

Na kama hauna hakika, shuka ngazi moja: "ni paka kubwa ya madoa, foto haionyeshe zaidi." Hakuna mwenye alikufa juu ya hiyo, na jina ya uongo yenye hakika inatembea mbali kuliko wewe.

Kama mwenye kutuma ni mukubwa, baba mukwe ao pastere, usimuandikie "uongo" mbele ya batu. Mutumie ku binafsi yake, "mukubwa, naomba tuangalie pamoja ubavu wa hii nyama", atafuta mwenyewe. Hii haiko heshima tu, njo inafanya kazi, juu mutu akiaibishwa anaitetea video yake hadi usiku.

Mambo mbili ya kuchunga mbele ya kupeleka mbele:

Ikiwa foto ni ya kweli na ni ya huku, tembo, gorila, pangolini, usiandike fasi kamili na usitume foto ikiwa bado na alama ya GPS ndani. Mwindaji naye iko mu magrupe. Andika "Virunga" tu, inatosha.

Na ikiwa foto ni ya mutoto wa shimpanze, gorila ao bonobo yenye kuuzishwa, haiko tena kazi ya kutambua. Usinunue hata kwa huruma, juu kwa kawaida mama yake ameuawa ili mutoto apatikane, na pesa yako njo inalipa wa kesho. Chunga foto, namba na siku, upelekee ICCN (shirika la serikali lenye kuchunga maparke ya Kongo). Mutoto akikamatwa kuko fasi za kumulea: Lwiro kwa upande wa Bukavu, JACK kule Lubumbashi kwa shimpanze, na Rumangabo kwa gorila ya milimani. Ile foto usiitume mu grupe, muuzishaji ataona na atahama mbele ya mutu kufika.